Kusawazisha kimo cha pikapu na kubadilisha matairi kwa fedha ndogo: dhana potofu na ukweli

Mwenye pikapu wa Unguja au Pemba anayetaka gari lake lisimame sawa, pua isiwe chini kuliko mkia, hupewa ushauri mwingi, na sehemu kubwa ya ushauri huo humpeleka kwanza kwenye matairi makubwa, ambayo ndiyo ghali kuliko vyote, na kumwachia alaimenti (kupima na kunyoosha mwelekeo wa magurudumu) kuwa jambo la mwisho au la kusahauliwa kabisa. Kwa mtu mwenye fedha ya kuhesabu, mpangilio unapaswa kuwa kinyume chake: vitangulie vilivyochakaa chini ya gari, kifuate kimo, na matairi mapya yasianze kutembea kabla ya alaimenti kupimwa. Dhana zifuatazo ndizo zinazoupindua mpangilio huo.

Dhana: Mkia ulio juu kuliko pua ni kasoro.

Ukweli ni kwamba kiwanda kimekusudia hivyo. Pikapu imeundwa kubeba, na ikiwa tupu mkia wake hukaa juu kwa sentimita kadhaa ili ukishapakiwa ushuke na gari lilingane. Mifuko 20 ya saruji ya kilo 50 ni tani moja, na karibu uzito wote huo huangukia ekseli ya nyuma. Springi za nyuma hubonyea ilhali za mbele hazisogei sana, na mzigo ukikaa nyuma ya ekseli, pua hata hupanda kidogo. Gari lililokwisha kusawazishwa likiwa tupu, likipakiwa hivyo, litainua pua kuliko mkia, taa zake zitawapiga machoni wanaokuja, na magurudumu ya mbele yatapungukiwa na uzito yanaouhitaji ili usukani na breki vifanye kazi ipasavyo. Katika vilima na kona za Pemba, kwa mtu anayeshusha magunia ya karafuu baada ya magharibi, hilo si jambo la sura ya gari tena.

Kwa hiyo suali la kwanza ni nini kinachobebwa siku nyingi za wiki. Anayechukua mchanga, mawe na saruji kila siku ningemshauri aache tofauti ya kiwanda kama ilivyo. Anayebeba familia, vifaa vya kazi na mzigo mdogo anaweza kuipunguza, lakini kuipunguza kwa nusu kunatosha. Kuifuta kabisa ni kujinyima uwezo ambao ndio sababu ya kununua pikapu badala ya gari dogo.

Dhana: Pua ikiinama, dawa yake ni kuinuliwa.

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa sababu pikapu nyingi zinazoonekana zimeinama mbele hazihitaji kuinuliwa bali kurejeshwa kwenye kimo chake. Springi iliyochoka hushuka, bushi (mipira ya kwenye viungo) zilizolika hulegeza mikono ya magurudumu, na gari likikaa miaka mingi karibu na bahari hata chuma kinene hupungua. Ukiweka spesa (kipande cha kuongeza kimo) juu ya springi iliyochoka, gari litapanda kwa muda, lakini uchovu wa springi utabaki pale pale na utaendelea.

Kipimo hakigharimu chochote isipokuwa futi ya fundi na sakafu iliyo sawa. Pima kutoka katikati ya gurudumu kwenda juu wima hadi ukingo wa bodi, kwa magurudumu yote manne, na uyaandike. Usipime kutoka ardhini, kwa sababu upepo mdogo katika tairi moja au tairi lililolika zaidi litakudanganya. Ikiwa upande wa kushoto na wa kulia wa mbele vinatofautiana waziwazi, kuna springi iliyokufa au iliyokatika, na kazi ya kwanza ni kuibadilisha, kwa jozi, si moja peke yake. Kisha gari linyanyuliwe kwa jeki, liwekwe juu ya stendi madhubuti, na kila gurudumu la mbele litikiswe: likicheza linaposhikwa juu na chini, tafuta boljointi (kiungo cha mkono wa gurudumu) au beringi, likicheza linaposhikwa kushoto na kulia, tafuta ncha za tairodi (fimbo za usukani zinazogeuza magurudumu). Kinachocheza kibadilishwe kabla ya kufikiria kimo, kwani kuinua gari huongeza pembe ambayo boljointi na tairodi hufanyia kazi, na kilicholegea kabla kitalegea zaidi.

Kwa wanaopakia mwani Paje, Jambiani na Bwejuu, au wanaoshusha mashua hadi ufukweni, kuna jambo la ziada. Maji ya chumvi huingia ndani ya chesisi na kati ya bapa za springi, na kutu huanzia ndani ambako hakuonekani. Kuosha chini ya gari kwa maji baridi ya mfereji kila baada ya kazi hiyo, pamoja na kupitisha maji ndani ya matundu ya chesisi, ni matengenezo ya bei ndogo ambayo hakuna spesa inayoweza kuyafidia. Na yubolti, yaani bolti za umbo la U zinazoshikilia springi za bapa kwenye ekseli, zikishafunguliwa, ziwekwe mpya. Zilizokwisha kuvutika na kuliwa na kutu hazishiki tena kama mwanzo.

Dhana: Spesa ya inchi moja huinua gari inchi moja.

Hutegemea namna sehemu ya mbele ilivyoundwa. Katika gari dogo kama Suzuki Carry, shokapu imefungwa moja kwa moja kwenye kitovu cha gurudumu, kwa hiyo unene wa spesa na kupanda kwa gari hukaribiana. Katika Toyota Hilux zilizoanza kutoka mwaka 2004, shokapu na springi yake vimekaa kwenye mkono wa chini, baina ya mwili na gurudumu, na kwa sababu hiyo spesa iliyowekwa juu ya shokapu hupandisha gari zaidi ya unene wake, mara nyingi karibu mara mbili. Anayetaka sentimita tatu akinunua spesa ya sentimita tatu, atapata kimo ambacho hakukikusudia, na pembe ya jointi za ekseli ya mbele itakuwa kali kiasi cha kuzila jointi hizo na mipira inayozifunika. Muulize muuzaji gari litapanda kiasi gani, usimuulize unene wa kipande.

Kazi ya kufungua springi ya namna hii ifanywe na fundi mwenye kifaa cha kuibana. Springi iliyobanwa ina nguvu ya kuua mtu, na kamba au waya si kifaa.

Dhana: Kukaza tosheni ni bure, na huifanya springi kuwa na nguvu zaidi.

Pikapu nyingi za miaka ya 1990, kama Nissan Hardbody, Mitsubishi L200 na Isuzu TF za kuvuta magurudumu manne, hazina springi ya mzunguko mbele. Zina nondo ndefu inayojipinda, ambayo mafundi huiita tosheni, na mwisho wake kuna bolti ya kurekebisha kimo. Ni kweli kwamba hii ndiyo njia ya bei ndogo kuliko zote, kwa kuwa haihitaji kununua kitu. Lakini kuikaza bolti hubadilisha mahali gari linapokaa tu. Ugumu wa nondo ni ule ule uliotoka nao kiwandani, na uwezo wa kubeba hauongezeki hata kilo moja. Kinachopungua ni nafasi ya gurudumu kushuka linapokuta shimo: ukikaza sana, mkono wa juu hugonga kizuizi chake katika kila shimo, gari huwa gumu, na watu hudhani ugumu huo ni nguvu.

Atakayefanya kazi hiyo azipake bolti mafuta ya kupenyeza tangu siku moja kabla, kwa sababu kwa kutu ya visiwani bolti iliyokaa miaka mingi hukatika kuliko kufunguka. Aweke alama ya mahali ilipokuwa, aliinue gari ili uzito uondoke kwenye magurudumu ya mbele, azungushe kidogo kidogo pande zote mbili, alishushe na kulitembeza mbele na nyuma, kisha ndipo apime tena. Gari haliketi kwenye kimo chake halisi mara tu linaposhushwa kutoka kwenye jeki.

Dhana: Badala ya kuinua mbele, toa bapa moja nyuma.

Usitoe. Kila bapa linabeba sehemu yake ya mzigo, na yaliyobaki yatabeba kile ambacho hayakuundwa kukibeba mpaka moja lipasuke.

Dhana: Matairi makubwa yatasawazisha gari.

Matairi manne yaliyo sawa huinua mbele na nyuma kwa kiasi kimoja, kwa hiyo tofauti ya pua na mkia hubaki ile ile. Tena kinachopatikana ni kidogo kuliko watu wanavyotarajia. Tairi la 265/65R17 lina upana wa milimita 265, urefu wa ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, na rimu ni ya inchi 17. Kipenyo chake chote ni takriban milimita 776. Ukihamia 265/70R17, kipenyo hufika takriban milimita 803. Ongezeko ni milimita 27, lakini nusu yake tu ndiyo iliyo chini ya ekseli, kwa hiyo gari limepanda milimita 13. Kwa faida hiyo, spidomita ikisoma 80 gari linakwenda karibu 83, na injini hupungukiwa kidogo na nguvu ya kuvuta, jambo linaloonekana mlimani ukiwa na mzigo.

Wengine huweka makubwa mbele na madogo nyuma ili kupata usawa. Katika gari la kuvuta magurudumu manne, hilo ni kosa la gharama kubwa, kwa sababu ukiingiza fowili (gia ya kuvuta magurudumu yote manne), ekseli mbili zinazolazimishwa kwenda kwa mwendo mmoja zikiwa na vipenyo tofauti huminyana ndani ya gia hadi kitu kimoja kivunjike. Kwa sababu hiyo hiyo, tairi la akiba nalo liwe la kipimo kile kile. Wengi hununua manne na kuacha dogo la zamani likining'inia chini.

Dhana: Tairi pana hushika zaidi kila mahali.

Kwenye lami iliyoloa wakati wa masika, tairi pana hupanda juu ya maji mapema zaidi kuliko jembamba lenye meno ya kina kile kile. Kwenye tope la njia za mashamba, ambapo chini yake kuna ardhi ngumu, jembamba hupenya na kuifikia ardhi hiyo, na pana huelea na kuteleza. Kwenye mchanga laini wa pwani pana lina faida, lakini faida kubwa zaidi hutokana na kupunguza upepo kwa muda na kuurudisha kabla ya kupanda lami, jambo lisilohitaji tairi jipya. Upande wa mashariki wa Unguja, ambako njia nyingi za vijijini zimepita juu ya mawe ya matumbawe yenye makali, kinachopasuka ni ubavu, na pana hutoa ubavu nje zaidi. Anayepita huko kila siku anafaidika zaidi na tairi lenye ubavu mnene, hata likiwa la kipimo cha kawaida.

Dhana: Tairi la mtumba lenye meno marefu ni sawa na jipya.

Meno huonyesha limetembea kiasi gani. Hayaonyeshi limekaa miaka mingapi. Mpira huzeeka hata ukiwa stoo, hukakamaa na kupasuka nyufa ndogo ubavuni, na tairi lililokakamaa halishiki lami iliyoloa hata kama linapendeza. Tafuta ubavuni maandishi yanayoanza na DOT. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka, kwa hiyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kuanzia miaka sita tairi linahitaji kukaguliwa kwa makini, na watengenezaji wengi husema lisitumike zaidi ya miaka kumi kwa hali yoyote. Ikiwa tarakimu zimekwanguliwa, liache. Kwenye mifereji ya meno kuna vinundu vidogo vya kukadiria. Meno yakilingana navyo, yamebaki milimita 1.6 na tairi limekwisha.

Fedha ikiwa haitoshi matairi manne mapya, mawili mapya ya kipimo cha kiwanda ni bora kuliko manne makubwa yaliyozeeka, mradi kipenyo chake kisipishane sana na yale mawili yaliyobaki.

Dhana: Tairi lolote linaloingia kwenye rimu linafaa.

Hili ndilo lililo hatari kuliko yote, na ndilo linalozungumzwa kidogo kuliko yote. Baada ya kipimo kuna nambari ya uzito. Tairi la pikapu la 195R14C mara nyingi huandikwa 106/104. Nambari ya kwanza, 106, maana yake ni kilo 950 kwa tairi moja. Tairi la gari dogo la rimu hiyo hiyo lenye nambari 91 hubeba kilo 615. Ekseli ya nyuma imepoteza kilo 670, na kwa macho matairi hayo yanakaribia kufanana. Kuongeza upepo hakurudishi uwezo huo: kipimo kikubwa cha upepo kilichoandikwa ubavuni ni mwisho ambao tairi linaweza kustahamili, na upepo unaofaa gari umeandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, cha gari tupu na cha gari lenye mzigo, ukipimwa asubuhi tairi likiwa baridi.

Dhana: Gari likienda moja kwa moja, halihitaji alaimenti.

Kila sentimita ambayo pua imepanda hubadilisha namna magurudumu ya mbele yanavyosimama na yanavyotazamana, na gari linaweza kwenda moja kwa moja huku matairi yote mawili yakiburuzwa kidogo na kulika upande mmoja. Gharama ya kupima ni ndogo sana kuliko ya jozi ya matairi. Siku hiyo hiyo taa zielekezwe upya chini, na baada ya kilomita 50 hadi 100 nati za magurudumu na yubolti zikazwe tena, kwa sababu vyuma vipya huketi na kulegea katika mwendo wa mwanzo.