Je, wajua kwa nini baiskeli inaweza kukuongezea kilo kabla ya kukupunguzia?

Masika yalipokatika, dada yangu mkubwa aliitoa stoo baiskeli yake ya zamani ya kike, akaipeleka kwa fundi Ngamiani, Tanga, ikabadilishwa tairi zote mbili na breki za nyuma, akaanza kuiendesha. Siku tano kwa wiki, alfajiri, dakika 40: Chumbageni hadi Raskazone na kurudi. Zahanati walikuwa wamempima kilo 92, presha imeanza kupanda, na daktari akamtaka apunguze uzito.

Baada ya wiki tatu alipanda mizani. Kilo 93. Jioni ile akanipigia simu.

"Mdogo wangu, hii baiskeli inaninenepesha. Miye basi tena."

Nilimwelewa kabisa, maana mtu akitoka jasho wiki tatu halafu mizani ikamwambia ameongezeka, ana haki ya kukasirika. Lakini mizani ile haikukosea, na baiskeli nayo haikumnenepesha. Mambo mawili yalikuwa yakitokea mwilini mwake kwa pamoja: moja lilikuwa likipunguza na jingine likiongeza, na lile la kuongeza lina kasi zaidi mwanzoni. Watu wengi huacha mazoezi katika wiki hizohizo, ndiyo maana nataka tulielewe jambo hili vizuri.

Tuanze na kilichoongezeka. Ni maji.

Misuli ina akiba yake ya wanga, inaitwa glaikojeni. Ukila ugali, wali au muhogo, sehemu ya sukari inayopatikana huwekwa humo ili itumike mguu ukihitaji nguvu kwa haraka. Mtu mzima huwa na gramu kama 400 hivi kwenye misuli na kama 100 kwenye ini. Glaikojeni haikai kavu: kila gramu moja hukaa na gramu kama tatu za maji. Sasa mapaja ambayo kwa miaka yalikuwa ya kukaa kwenye kiti yakianza kukanyaga pedeli kila asubuhi, mwili unatambua kwamba akiba ya zamani haitoshi, unaanza kuweka zaidi. Ukiongeza gramu 150 za glaikojeni, umebeba na gramu 450 za maji juu yake. Hapo tayari ni zaidi ya nusu kilo, na hujaongeza hata punje ya mafuta.

Damu nayo huongezeka. Katika siku na wiki za mwanzo za mazoezi yanayomfanya mtu aheme, figo hubakiza chumvi na maji zaidi ili sehemu ya majimaji ya damu, yaani plazima, iwe nyingi. Moyo unapata damu ya kutosha kuisukuma kwa pigo moja, na mwili unapata maji ya kutoa jasho bila kuzidiwa na joto. Kwa mtu wa Tanga hilo si jambo dogo. Halafu kuna ule ugumu wa mapaja wa siku mbili tatu za mwanzo, mtu anashuka ngazi ameshika ukuta: nyuzi za misuli zimechubuka kidogo, mwili unazitengeneza, na pale panapotengenezwa pana uvimbe, na uvimbe una maji. Kwa wanawake, siku za karibu na hedhi mwili nao huweza kushika maji kiasi cha kuisogeza mizani, na dada alikuwa katika siku hizo alipojipima.

Ukivijumlisha vyote, kilo moja na nusu ya maji si ajabu.

Sasa upande wa kupungua. Mtu wa kilo 90 akiendesha taratibu, chini ya kilomita 16 kwa saa, hutumia kalori kama 360 kwa saa nzima. Akikaza hadi kilomita 16 au 19 kwa saa, zinafika kama 600. Kwa mwendo wa dada, na kusi ikimpiga kifuani baadhi ya siku, tuseme kalori 300 kwa kila asubuhi. Siku tano kwa wiki, wiki tatu, ni kalori 4,500. Kilo moja ya mafuta ya mwilini imebeba kalori kama 7,700. Kwa hiyo kama hakubadili chochote katika kula, alichoma mafuta kiasi cha nusu kilo na ushee. Toa hiyo kwenye kilo moja na nusu ya maji, utapata ileile kilo moja iliyomtoa machozi.

Nilipompigia hesabu hiyo kwa simu alikaa kimya, kisha akauliza swali ambalo naona ni zuri kuliko langu: "Sasa hiyo nusu kilo imekwenda wapi?"

Wengi tungejibu kwamba imetoka kwa jasho, au imekuwa joto, au imekwenda chooni. Mwaka 2014 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, Ruben Meerman na Andrew Brown, waliandika katika jarida la tiba la Uingereza, BMJ, kwamba waliwauliza swali hilo watu 150, wakiwamo madaktari, wataalamu wa lishe na wakufunzi wa mazoezi, na wengi wao walijibu kwamba mafuta hugeuka kuwa nishati au joto. Haiwezekani. Nishati hutoka kwenye mafuta, ndiyo, lakini chembe zenyewe zilizoyaunda hazipotei. Mafuta ni kaboni, haidrojeni na oksijeni kidogo. Yakichomwa ndani ya misuli kwa oksijeni unayovuta, kaboni hutoka ikiwa hewa ya ukaa, na haidrojeni hutoka ikiwa maji. Katika kila kilo 10 za mafuta, kilo 8.4 hutoka kwa pumzi na kilo 1.6 huwa maji. Na ili kilo 10 hizo ziungue zote, sharti uvute kilo 29 za oksijeni.

Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya mafuta ya dada yangu ilitoka puani na mdomoni, ikachanganyika na upepo wa bahari pale Raskazone. Kuhema kule anakoona haya nako, akipita mbele ya wavuvi, ndiko kupungua kwenyewe.

Hapa nimkanye mtu asije akaketi sebuleni kwake akahema haraka haraka akidhani atakonda. Hewa ya ukaa inatengenezwa kadiri misuli inavyofanya kazi. Ukihema bila kazi utapata kizunguzungu tu. Vilevile wale wanaovaa koti la mvua au kujifunga nailoni tumboni kwenye joto letu ili "mafuta yayeyuke" wanatoa maji, na maji hurudi kwa bilauri ya kwanza. Mbaya zaidi, mwili uliozuiwa kupoa unaweza kuzidiwa na joto hata mtu akaanguka barabarani. Tafadhali, vaa nguo nyepesi, unywe maji.

Mbona basi baiskeli, na si kukimbia? Kwa mtu mwenye kilo nyingi jibu liko magotini. Ukikimbia, kila mguu ukitua unapokea mzigo wa mara mbili hadi tatu ya uzito wako, na unatua mara maelfu. Kwenye baiskeli uzito unakaa juu ya siti, magoti yanazunguka tu. Isipokuwa siti ikiwa chini. Hilo ndilo kosa ninaloliona kila siku barabarani, na dada alikuwa nalo: alikuwa akiendesha magoti yakikaribia kifua, kwa sababu alitaka miguu yote miwili ifike chini vizuri akisimama.

Nilikwenda naye kwa fundi wake. Mzee yule ana kibanda cha mabati, chini pameenea mafuta ya cheni na vipande vya tyubu. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akamtazama dada alivyokaa na kutikisa kichwa.

"Mwanangu, magoti yakikuuma, siti ndiyo inayokuuma."

Akamwambia akae, ashike ukuta, aweke kisigino juu ya pedeli na kuizungusha hadi chini kabisa. Goti likabaki limekunjika sana. Mzee akalegeza nati kwa spana, akaivuta siti juu vidole vinne, akakaza, akamwambia arudie. Safari hii mguu ulinyooka, kisigino kikigusa pedeli. "Sasa ukiweka hapa," akasema, akigonga sehemu pana ya unyayo nyuma ya vidole, "goti litabaki na mkunjo kidogo. Ndiyo tunautaka huo." Kisha akaminya tairi kwa kidole gumba, akaguna, akaleta pampu. Tairi laini hukufanya ukanyage kwa nguvu bila kwenda mbali, na kadiri mtu alivyo mzito ndivyo tairi inavyobonyea zaidi. Kazi yote ilichukua dakika kumi.

Mwendo nao usiwe wa mashindano. Kipimo kizuri hakihitaji saa wala simu: uweze kuzungumza sentensi nzima, lakini usiweze kuimba. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa aina hiyo kwa wiki, na dakika 40 mara tano zinakupa 200. Siku za kusi kali usishindane na upepo. Kasi ya hewa inayokupiga ikiongezeka mara mbili, nguvu inayokurudisha nyuma inaongezeka mara nne. Teremsha gia kama baiskeli yako inazo. Kama huna, kubali kwenda polepole. Moyo wako haujui umekwenda kilomita ngapi, unajua umefanya kazi kiasi gani.

Kuna mahali nilimwambia dada ukweli ambao hakuupenda. Akirudi Raskazone alikuwa akikaa kula mahamri mawili na mbaazi za nazi, na chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari, "kwa sababu leo nimefanya mazoezi." Chakula kitamu, na si dhambi. Lakini kinazirudisha zile kalori 300 na nyingine juu yake, kwa muda wa dakika kumi na tano. Baiskeli peke yake hupunguza uzito polepole mno. Sehemu kubwa ya kupungua huamuliwa mezani. Tulipatana apunguze, asiache: hamri moja, mbaazi zikiwa na tui jepesi, chai bila sukari, na usiku wali upungue mboga ziongezeke. Hakuna kushinda na njaa, kwani mwenye njaa hawezi kuamka alfajiri kuendesha baiskeli.

Lililonifurahisha zaidi kumweleza ni hili: katika zile wiki tatu za kukata tamaa, mwili wake ulikuwa umeshaanza kufaidi. Msuli unaokaza na kulegea hufungua milango ya kuingizia sukari kutoka kwenye damu hata bila msaada wa insulini, na kwa siku moja au mbili baada ya mazoezi, insulini yenyewe hufanya kazi vizuri zaidi. Presha huanza kushuka. Mafuta ya ndani ya tumbo, yale yanayozunguka ini na utumbo ambayo ndiyo ya hatari, hupungua kwa mazoezi hata pale ambapo kilo zimebadilika kidogo tu. Mizani haina njia ya kukuonyesha hayo. Futi ya fundi cherehani inaweza: zungusha kiunoni usawa wa kitovu, pumua nje kwa kawaida, soma, andika. Ukitaka kutumia mizani, jipime asubuhi umetoka msalani na hujanywa chai, siku kadhaa kwa wiki, na ulinganishe wastani wa wiki kwa wiki, maana ndani ya siku moja tu uzito unaweza kupanda na kushuka kilo moja au mbili kwa ajili ya chumvi, maji na chakula kilicho tumboni.

Anayetumia dawa za kisukari, hasa insulini, azungumze na daktari kwanza na abebe kitu chenye sukari mfukoni, kwa kuwa sukari yaweza kushuka njiani. Na ukisikia kifua kinabana au maumivu yanakimbilia mkononi, shuka kwenye baiskeli hapohapo, uende hospitali mara moja.

Dada hakuacha. Wiki ya nane mizani ilisoma kilo 90 na nusu, na kiuno, ambacho tulikuwa tumekipima kwa futi siku ileile ya kwa fundi, kilikuwa kimetoka sentimita 104 hadi 99. Alinipigia simu kunieleza, lakini si habari za mizani alizoanza nazo. Alisema amepita wavuvi wa Raskazone asubuhi ile, mmoja akamsalimia, naye akamjibu salamu yote mpaka mwisho bila kukata pumzi.