Je, wajua kwa nini serikali inapaswa kumsikiliza mtoto asiyepiga kura?

Chuchumaa kando ya barabara, nyuma ya gari lililoegeshwa, mpaka macho yako yafike usawa wa macho ya mtoto wa miaka saba. Huoni magari yanayokuja. Unachoona ni bati na taa za gari lililo mbele yako. Aliyepanga kivuko mahali hapo alisimama wima, na kwa kimo chake barabara yote ilikuwa wazi. Mtoto anayevuka hapo kila asubuhi anajua jambo ambalo halimo kwenye mchoro.

Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu kubwa kuliko zote: mtoto ana ujuzi ambao sisi wakubwa tumekwisha kuusahau. Halafu ipo ya haki. Sera ya elimu au ya mazingira itamwandama miaka mingi kuliko itakavyowagusa wanaoipitisha, ilhali katika nchi nyingi hapigi kura mpaka atimize miaka 18. (Brazil tangu katiba ya 1988, na Austria tangu 2007, zinaruhusu kuanzia miaka 16.)

Sheria ya kimataifa iko wazi. Mkataba wa Haki za Mtoto, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 20 Novemba 1989 na kuridhiwa na nchi 196, unasema katika Ibara ya 12 kwamba mtoto anayeweza kuwa na maoni yake ana haki ya kuyatoa kwa uhuru katika kila jambo linalomhusu, na kwamba maoni hayo yapewe uzito kulingana na umri na upevu wake. Kumpa mtoto kipaza sauti ni rahisi. Huo uzito ndio unaosahaulika.

Mwaka 1992 mtafiti Roger Hart alichora ngazi ya ushiriki yenye vidato vinane. Vitatu vya chini hakuvihesabu kuwa ushiriki hata kidogo: mtoto kutumiwa kwa ajenda ya wakubwa, kuwekwa kama pambo, na kushirikishwa kwa jina tu. Bila shaka umewahi kuviona. Mtoto anasoma risala aliyoandikiwa, ukumbi unapiga makofi, picha zinapigwa, na rasimu ya sera inabaki vilevile ilivyokuwa jana yake. Inaniuma, kwa sababu mtoto huyo anajifunza mapema kwamba kusema hakubadilishi kitu.

Laura Lundy, mwanasheria wa Belfast, aliongeza mwaka 2007 kwamba sauti peke yake haitoshi. Panahitajika pia nafasi salama ya kusemea, msikilizaji mwenye mamlaka, na ushawishi katika uamuzi wenyewe.

Inawezekana. Mwaka 2014 jiji la Boston liliwaachia vijana wa miaka 12 hadi 25 waamue kwa kura matumizi ya dola milioni 1 za bajeti yake. Mwaka 2023 Kamati ya Haki za Mtoto ya Umoja wa Mataifa ilitoa mwongozo kuhusu mazingira baada ya kupokea maoni 16,331 ya watoto kutoka nchi 121.

Kinachobaki ni majibu, na hayagharimu kitu. Mtoto aliyelalamikia kivuko anastahili kuandikiwa, kwa maneno anayoyaelewa: magari hayataegeshwa tena karibu na kivuko, taa ulizoomba hazikupata fedha mwaka huu, na sababu ni hii.