Python, Go, Rust, JavaScript: kila lugha inakudai, tofauti ni lini

Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Aliyeanza kuandika programu kwa lugha ya Python huona mabano na nuktamkato za C kuwa makelele matupu. Aliyelelewa na C hushangaa inakuwaje nafasi tupu mwanzoni mwa mstari ziamue maana ya programu. Ubishi wa namna hiyo hauna mwisho na sioni faida yake. Go ilijitoa mapema. Inakuja na gofmt, programu ndogo inayoupanga msimbo wa kila mtu kwa sura ileile, na hakuna cha kuchagua. Wapo wanaoikubali sura hiyo kwa shingo upande, lakini hawaijadili tena.

Mimi huipima lugha kwa swali moja: nikikosea, itaniambia lini? Kuna inayoniambia wakati wa kukompaili, yaani msimbo unapogeuzwa kuwa programu ya mashine, kuna inayongoja programu iwe inaendeshwa, na kuna inayonyamaza kabisa mpaka mtumiaji alalamike. Ukilishika swali hilo, mengi yanayoitwa mapenzi au chuki ya lugha huanza kueleweka.

Andika "5" + 5. JavaScript inakupa "55" bila hata kukohoa. Andika "5" - 2, inakupa 3. Python inakataa, lakini inakataa pale tu mstari huo unapofikiwa. Kama umejificha kwenye tawi la if linalotembelewa mara moja kwa mwezi, utasubiri mwezi mzima. Go na Rust hazikubali hata kuitengeneza programu. Kwa mfano huu pekee mtu angesema mjadala umekwisha, lugha zinazokagua aina za data (hii ni namba, hii ni maandishi) wakati wa kukompaili zimeshinda.

Basi jaribu namba. Chukua namba kamili ya biti 32 iliyofika ukingoni, 2147483647, uongeze 1. Java na Go zinazunguka kimyakimya na kukupa -2147483648. C ni mbaya zaidi: kwa namba zenye alama (zinazoweza kuwa chanya au hasi), kiwango cha lugha kinasema tokeo hilo halina maana iliyowekwa, hivyo kompaila ina ruhusa ya kudhani halitokei kamwe. Ukiandika ulinzi wa mtindo wa if (x + 1 < x), inaweza kuufuta kwa hoja kwamba hauwezi kuwa kweli. Umeweka mlinzi, kompaila imemfukuza kazi. Rust, pamoja na sifa zake zote, ina tabia mbili: ukijenga kwa majaribio, programu inasimama na kupiga kelele, ukijenga kwa --release, inazunguka kama Go. Maana yake kosa linaonekana mezani kwako na kunyamaza kwenye seva. Dawa ni mstari mmoja kwenye Cargo.toml, faili la mipangilio ya mradi wa Rust: overflow-checks = true chini ya [profile.release], na kwa programu inayoshika fedha au vipimo ningeuweka siku ya kwanza.

Python haina tatizo hilo kwa sababu namba zake kamili hukua kadiri zinavyohitaji. Unalilipia kwenye kumbukumbu. Namba ndogo ya kawaida ndani ya CPython, yaani Python ya kawaida, ya biti 64 inachukua baiti 28, na orodha inahitaji baiti 8 nyingine za kuielekezea. Orodha ya namba milioni 1 tofauti hufika megabaiti 36 au zaidi kidogo. Go kwa int64 inahitaji megabaiti 8, basi.

JavaScript nayo ina ukingo wake. Namba kamili ziko salama hadi 9007199254740991. Baada ya hapo, 9007199254740992 + 1 inarudi 9007199254740992. Kosa hili huingia kupitia vitambulisho vya biti 64 kutoka kwenye hifadhidata: seva inavituma kama namba ndani ya JSON (muundo wa maandishi wa kutumiana data), JSON.parse inavipokea na kubadilisha tarakimu za mwisho, na rekodi ya mtu mmoja inafunguka kwa jina la mwingine. Vitume kama maandishi.

Kuna lawama moja ambayo JavaScript inabebeshwa bila haki. Ile 0.1 + 0.2 inayotoa 0.30000000000000004 si yake. Python, Java na Rust zinatoa jibu hilohilo, kwa kuwa zote zinafuata kiwango cha namba za desimali cha IEEE 754 cha mwaka 1985. Go inatoa 0.3 ukiandika namba hizo moja kwa moja, kwa sababu kompaila yake hukokotoa namba zisizobadilika kwa usahihi kamili. Ziweke kwanza kwenye vigeu viwili na utaletewa ule mkia uleule.

Tuje kwenye thamani tupu, ile inayoitwa null, nil au None. Mwanasayansi wa kompyuta Tony Hoare aliiingiza kwenye lugha ya ALGOL W mwaka 1965, na mwaka 2009 mwenyewe akaiita kosa la dola bilioni moja. Python na JavaScript hukuambia kuhusu utupu pale unapouguza. Go pia, kwa programu nzima kuanguka. Rust haina utupu wa aina hiyo katika msimbo wa kawaida: kitu kinachoweza kukosekana kinaitwa Option, na kompaila haikuachii upite mpaka useme kikikosekana utafanya nini. Hii ndiyo sehemu ya Rust ninayoiona inalipa haraka kuliko zote, hata kwa mtu asiyejali kasi.

Kwa makosa ya kawaida, kama faili kukosekana au mtandao kukatika, Go inasifiwa kwamba inakulazimisha kuyashughulikia. Si kweli sana. Inakulazimisha pale tu unapohitaji jibu la fanksheni. Ukiita f.Close() ili kufunga faili na kuacha inachorudisha kianguke chini, kompaila haisemi neno. Rust inatoa onyo mahali kama hapo. Onyo tu, lakini linaonekana.

Deni kubwa la Rust liko kwenye umiliki wa kumbukumbu. Kila thamani ina mmiliki mmoja. Unaweza kuiazima kwa wasomaji wengi au kwa mwandishi mmoja, si vyote viwili kwa wakati mmoja. Sheria hii inaondoa kundi zima la makosa ya C na C++, kama kutumia kumbukumbu iliyokwisha kuachiliwa. Microsoft ilieleza mwaka 2019 kwamba takriban asilimia 70 ya udhaifu wa kiusalama inaoupatia marekebisho kila mwaka unatokana na makosa ya kumbukumbu, kwa hiyo si jambo la kinadharia. Ila anayeanza huikimbilia miundo iliyo mibaya kuliko yote kwa Rust: orodha zilizounganishwa pande mbili, au mti ambao mtoto anamjua mzazi. Hapo wamiliki ni wawili na kompaila itagombana naye wiki nzima. Weka nodi zote kwenye Vec moja (orodha ya kawaida ya Rust), na badala ya vielekezi, yaani anwani za kumbukumbu, tumia namba za nafasi. Na katika mwezi wa kwanza usione aibu kuandika .clone(). Nakala chache za ziada hazitaonekana kwenye vipimo, na utakuwa umemaliza kazi.

Ukitaka kuchagua kati ya lugha mbili, usisome hoja za watu, yangu ikiwemo. Tengeneza faili la CSV (maandishi yenye safu zilizotenganishwa kwa mkato) la mistari milioni 1 lenye tarehe, kitambulisho na kiasi. Kisha liharibu kwa makusudi: mistari 300 isiwe na kiasi, 300 iwe na herufi mahali pa namba, 300 ipungukiwe safu moja, na 100 iwe na baiti zisizo UTF-8 halali, yaani zisizosomeka kama herufi kwa usimbaji wa kawaida. Andika kwa kila lugha programu inayojumlisha kiasi kwa kila kitambulisho, na uiandike kama mtu mwenye haraka, kwa sababu ndivyo utakavyoandika kazini.

Matokeo yanafundisha. Python ukiiambia faili ni UTF-8 itasimama kwenye baiti mbovu kwa UnicodeDecodeError, na float("") itasimama kwa ValueError. Lakini maktaba ya csv itaupitisha mstari uliopungukiwa safu bila kusema. Go ni kinyume chake: csv.Reader inaukataa mstari wenye idadi tofauti ya safu, huku baiti mbovu zikipita, kwa sababu maandishi ya Go ni baiti zozote tu. Ukimezea kosa la strconv.ParseFloat, fanksheni inayogeuza maandishi kuwa namba, kwa alama ya _, kiasi kisichokuwepo kinakuwa 0 na jumla inatoka ikiwa nzuri kwa macho na ya uongo. JavaScript hufanya vivyo hivyo bila hata kukuomba: Number("") ni 0, na Number("abc") ni NaN ("si namba") inayochafua kila jumla inayoigusa. Rust inakurudishia Err, yaani thamani ya kosa, kwenye baiti mbovu na kwenye namba mbovu, na itabidi uandike unwrap_or(0.0) kwa mkono wako mwenyewe ili ujidanganye. Kuna mtego unaozinasa zote: neno nan likiwa ndani ya safu ya kiasi, lugha zote nne zinalikubali au kuligeuza kuwa thamani ileile ya NaN.

Sasa fanya sehemu ya pili ya jaribio, ambayo watu huiruka. Acha programu hizo siku saba. Rudi ubadilishe jambo moja: kiasi kiwe na sarafu pembeni yake. Hesabu ni sehemu ngapi kompaila ilikuonyesha na ngapi ulizigundua kwa kuendesha. Programu ya mistari 80 haitaonyesha tofauti kubwa. Ya mistari 8,000 itaonyesha, na ndiyo sababu mwandishi wa skripti fupi na mwandishi wa mfumo wa miaka kumi wanaweza kubishana usiku kucha, kila mmoja akiwa sahihi kwa kazi yake.

Ukipima kasi, angalia usijidanganye. Kosa la kwanza ni kupima Rust bila --release. Nimeona hitimisho zima likijengwa juu ya hilo. La pili ni kusoma faili bila bafa, yaani kumbukumbu ya muda inayokusanya data kwa mkupuo: File tupu ya Rust, ukisoma vipande vidogovidogo bila BufReader, huita mfumo wa uendeshaji kila mara, ilhali csv ya Python kiini chake kimeandikwa kwa C na husoma kupitia bafa, hivyo Python inaweza kushinda na mtu akadhani ameona muujiza. Kwa Java, mizunguko ya mwanzo hupimwa kabla mashine yake haijakompaili sehemu zinazotumika sana, zitupe. Kompaila nazo hufuta hesabu ambayo jibu lake halitumiki, kwa hiyo chapisha jumla mwishoni. Endesha kila programu mara 10, tupa ya kwanza iliyosoma faili kutoka diski, kisha chukua namba ya katikati, si wastani.

Nyuzi, yaani kazi zinazokwenda sambamba ndani ya programu moja, zinahitaji tahadhari ya peke yake. Python ya kawaida ina kufuli moja kuu, na nyuzi 8 za hesabu nzito juu ya prosesa yenye viini 8 hazitaenda kasi kuliko uzi mmoja. Toleo la 3.13 la Oktoba 2024 lilileta jengo la majaribio lisilo na kufuli hilo. Kama kazi yako ni kungoja mtandao, kufuli halikusumbui. Huachiliwa wakati wa kungoja.

Kura za maoni zisikupeleke mbio. Katika utafiti wa kila mwaka wa Stack Overflow, tovuti ya maswali ya waandika programu, Rust imeongoza kwa kupendwa tangu 2016. Kipimo chenyewe lakini ni sehemu ya walioitumia ambao wanataka kuendelea nayo. Aliyekwama wiki ya kwanza akaacha huenda hakujihesabu kabisa, na wachache huandikia Rust mfumo wa zamani waliorithishwa kwa lazima. JavaScript inaulizwa kwa watu ambao wengi wao hawakuichagua, kivinjari kiliwachagulia.

Kwa hao, TypeScript ya mwaka 2012, yaani JavaScript iliyoongezewa ukaguzi wa aina, ni nafuu kubwa, mradi ujue inalinda wapi. Aina zake hufutwa kabla programu haijaendeshwa, na JSON.parse hurudisha any, yaani chochote. Ukiandika as Mteja mbele yake hujakagua kitu, umeahidi tu. Data inayotoka nje ikaguliwe mlangoni, kipengele kwa kipengele, ndipo aina za ndani ziwe na maana. Maelezo ya aina ya Python ni hivyohivyo: bila mypy, programu inayokagua aina hizo, au mwenzake, ni maandishi ya pembeni.

Mara nyingi pia hulazimiki kuchagua moja. Programu inayobaki Python, na fanksheni moja nzito ikahamia Rust, ni mpango wa kawaida leo. Unapokwama ni mpakani. Ukiiita fanksheni ya Rust mara moja kwa kila mstari, mara milioni 1, gharama ya kubadilisha vitu vya Python kuwa vya Rust na kuvirudisha inaweza kula faida yote. Peleka safu nzima kwa mwito mmoja, hesabu ifanyike upande wa pili, na kinachorudi kiwe jumla peke yake.