Nusukaputi kwenye kliniki ya urembo: maana yake na hatari yake

Aliyelala usingizi wa kawaida akibanwa pumzi hushtuka akageuka. Aliyepewa nusukaputi, yaani dawa ya kumlaza usingizi mzito asihisi upasuaji, hashtuki. Dawa kama propofoli hulegeza misuli ya koo, ulimi ukaanguka nyuma na kuziba njia ya hewa. Dozi ikizidi kidogo, kifua chenyewe huacha kupanda. Ganzi hufisha sehemu moja tu nawe u macho. Sindano ya kutuliza hukuacha ukiitika uitwapo, lakini kutoka hapo hadi nusukaputi ni hatua fupi, na mtu huivuka bila yeyote kukusudia. Kliniki inayosema "tutakutuliza tu" lazima iwe tayari kwa yote mawili.

Daktari anayekuvuta mafuta tumboni hawezi kulinda pumzi yako wakati huohuo. Awepo mtaalamu wa usingizi mwenye leseni, asiyebanduka kichwani pako mpaka uzinduke. Uliza ni nani, mapema, kabla hujalipa.

Kisha uliza kuhusu kapnografu, mashine inayopima kabonidayoksaidi unayoitoa kila pumzi. Kliniki nyingine hutegemea kile kipimo cha kidoleni cha oksijeni ya damu peke yake, na hapo ndipo watu hupotea: mgonjwa anayepewa oksijeni ya ziada aweza kuacha kupumua, na kipimo hicho kikaendelea kusoma asilimia 98 kwa dakika nzima au zaidi. Kapnografu huonyesha papo hapo. Presha nayo ipimwe angalau kila dakika 5.

Malindi, pwani ya Kenya, stima hukatika. Mashine inayotengeneza oksijeni kutoka hewani huzima nayo, kwa hiyo pawe na mtungi uliojaa, mfuko wa kupulizia hewa kwa mkono, na kifyonzaji cha mate na matapishi kinachofanya kazi bila umeme. Ubongo huanza kuharibika baada ya dakika 4 hivi bila oksijeni, na Mombasa, kwenye hospitali kubwa, iko kilomita 120 hivi. Aliye Lamu mjini huanza kwa boti hadi Mokowe, upande wa bara. Mwenye moyo mbovu, pumu isiyotulia, au anayekoroma na kukatika pumzi usingizini afanyiwe hospitali. Vivyo hivyo mafuta yanayovutwa yakipita lita 5 kwa mara moja.

Tumbo liwe tupu, kwani chakula kikipanda koo likiwa limelegea huingia mapafuni. Biriani au mahamri, acha muda wa saa 8 kabla ya nusukaputi. Chai ya maziwa huhesabiwa chakula, muda wa saa 6. Maji matupu au mkandaa (chai isiyo na maziwa), muda wa saa 2. Kama unatafuna muguka au miraa, sema wazi, maana hupandisha presha na mapigo ya moyo. Sema pia kama kuna jamaa aliyepandwa na joto kali ghafla akiwa kwenye meza ya upasuaji: huo ni ugonjwa wa kurithi, nadra lakini huua, na dawa yake ni dantrolini.

Siku hiyo uje na mtu wa kukurudisha nyumbani. Kwa saa 24 usiendeshe pikipiki wala kutia sahihi hati yoyote.