Je, wajua kwa nini kuruka kutoka Ulaya kwenda Marekani kulikuwa kugumu kuliko kurudi?

Juni 1919, Waingereza John Alcock na Arthur Brown waliruka bila kutua kutoka Newfoundland, kisiwa cha mashariki mwa Kanada ya leo, hadi Ireland kwa saa 16 hivi. Ilipita karibu miaka 9 kabla ya ndege yoyote kuivuka Atlantiki bila kutua kwa upande wa pili, yaani kwenda magharibi. Hiyo ilikuwa Bremen, Aprili 1928, ikiwa na Wajerumani wawili na Mwairishi mmoja. Kabla yao bahari ilikwishameza watu. Wafaransa Nungesser na Coli waliondoka Paris Mei 1927, hawakuonekana tena. Elsie Mackay na rubani wake Hinchliffe waliondoka Uingereza Machi 1928, nao wakapotea. Bahari ni ile ile na umbali ni ule ule, sasa tofauti ilikuwa wapi?

Ilikuwa kwenye upepo. Katika sehemu ile ya dunia, upepo mkuu hutoka magharibi kwenda mashariki karibu mwaka mzima. Ndege inaogelea ndani ya hewa, na hewa yenyewe inasafiri. Chukua ndege ya mwendo wa kilomita 250 kwa saa na upepo wa kilomita 50. Kwenda mashariki itapita juu ya maji kwa kilomita 300 kwa saa, lakini kwenda magharibi ni 200 tu. Kati ya Ireland na Newfoundland pana kama kilomita 3,000, kwa hiyo safari ya saa 10 inageuka saa 15. Saa tano hizo zinahitaji mafuta, mafuta ni uzito, na ndege nzito huhitaji njia ndefu zaidi kabla ya kunyanyuka. Hata leo, ndege za abiria huchelewa zaidi zinapotoka London kwenda New York kuliko zinaporudi.

Upepo wa mbisho haukuja peke yake. Dhoruba za Atlantiki nazo hutoka magharibi, kwa hiyo rubani alikutana nazo uso kwa uso, moja baada ya nyingine. Akiondoka jioni, usiku ulirefuka, maana alikuwa akikimbilia upande ule ule linakokwenda jua. Na mwisho wa safari, pale anapokuwa amechoka kabisa, kulikuwa na ukungu wa Newfoundland, mahali mkondo wa baridi wa Labrador unapokutana na maji ya joto yatokayo kusini.

Ndiyo maana nashangaa kwamba watu wanamjua sana Charles Lindbergh, rubani Mmarekani aliyeivuka Atlantiki peke yake mwaka 1927 akielekea mashariki, na wachache wanamjua rubani Beryl Markham, aliyeelekea magharibi.

Beryl alizaliwa Uingereza mwaka 1902, akaletwa Kenya angali mtoto mdogo. Baba yake, Charles Clutterbuck, alikuwa na shamba na farasi Njoro. Mama yake alirudi Uingereza, naye akakua akicheza na kuwinda na watoto wa Kikalenjin, akizungumza Kiswahili. Hajafika miaka 20 alikuwa tayari na leseni ya kufundisha farasi wa mashindano. Urubani alifundishwa na Tom Campbell Black jijini Nairobi, kisha akapata leseni ya kuruka kwa malipo. Alibeba barua na abiria, na kuwatafutia wawindaji tembo kutoka angani. Kazi hiyo aliifanya bila redio, kwa dira, saa na macho yake. Sidhani kulikuwa na shule bora zaidi kwa safari aliyokuja kuifanya.

Jioni ya Septemba 4, 1936, ilipokaribia saa moja, aliondoka uwanja wa jeshi la anga wa Abingdon, Uingereza, akilenga New York. Ndege yake, Percival Vega Gull ya injini moja, alikuwa ameazimwa na John Carberry, mlowezi wa Kenya, na ubavuni ilikuwa na namba ya usajili ya Kenya, VP-KCC. Ndani ya chumba cha abiria yalijazwa matangi ya ziada. Tangi moja likikauka, injini ilizima, na rubani alitakiwa kupapasa gizani afungue koki ya tangi lingine huku ndege ikishuka kuelekea baharini. Ilimtokea usiku ule, akiwa peke yake, mawingu yamefunika nyota na maji.

Baada ya zaidi ya saa 20 aliiona nchi kavu. Hapo injini ikaanza kukohoa, ingawa mafuta yalikuwepo. Tundu la kupitishia hewa kwenye tangi la mwisho lilikuwa limeziba kwa barafu. Kila aliyetoboa kopo la maziwa tundu moja tu anajua kinachotokea: hewa isipoingia, maziwa hayatoki. Mafuta yakagoma kushuka. Akajaribu kutua Baleine, kisiwani Cape Breton nchini Kanada, pua ya ndege ikazama kwenye tope la kinamasi. Alitoka na jeraha la kichwa, akatembea mpaka akapata watu.

New York hakufika kwa ndege yake, na wapo wanaoiita safari ile jaribio lililoshindwa. Mimi sikubali. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuivuka Atlantiki peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi. Rubani Mmarekani Amelia Earhart alikwisha kuivuka peke yake mwaka 1932, lakini kwa upande wenye upepo wa kumsukuma. Ukigawanya umbali wa Beryl kwa saa zake unapata kama kilomita 200 kwa saa, ilhali Vega Gull katika mwendo wake wa kawaida huzidi 240. Uzito wa mafuta na upepo ndivyo vilivyokula zilizobaki.

New York ilimpokea kwa shangwe hata hivyo. Furaha haikudumu: Septemba 19, Campbell Black aliuawa uwanjani Liverpool, ndege yake ilipogongwa na nyingine ikiwa bado chini. Beryl aliishi Marekani miaka kadhaa, kisha akarudi Kenya kwenye farasi wake, akatoa washindi kadhaa wa Kenya Derby. Alifariki Nairobi Agosti 1986.