DNA hujinakili vipi, na kwa nini haianzi bila praima

DNA, au ADN kama wanafunzi wa Bukavu wanavyoiandika daftarini, ni nyuzi mbili ndefu zilizosokotana. Mgongo wa kila uzi ni sukari ya deoksiribosi na fosfati zinazopokezana. Kwa ndani besi, yaani herufi nne za DNA, hushikana: adenini (A) na thimini (T) kwa bondi 2 za hidrojeni, guanini (G) na sitosini (C) kwa bondi 3. James Watson na Francis Crick walitangaza umbo hilo mwaka 1953, na picha ya eksirei kutoka kwa kundi la Rosalind Franklin iliwasaidia sana.

Jambo ambalo wengi hulipita haraka ni mwelekeo. Kila uzi una ncha ya 5′ na ncha ya 3′ (ni namba za kaboni za sukari), na nyuzi hizo mbili zinaelekea kinyume, kama magari yanayopishana barabarani. Asiyelishika hili atabaki kukariri tu.

Seli ikikaribia kugawanyika, kimeng'enya kiitwacho helikasi huzitenganisha nyuzi na kila uzi huwa kielelezo: penye A huja T, penye G huja C. Mjenzi ni polimerasi ya DNA, naye ana masharti mawili. Huongeza nukleotidi (besi pamoja na sukari na fosfati yake) kwenye ncha ya 3′ peke yake, tena haanzi kamwe kwenye uzi mtupu. Lazima akute kipande kilichokwisha kushika. Kwa hiyo kimeng'enya kingine, primasi, hutangulia kuweka praima, kipande cha RNA (jamaa ya DNA) chenye nukleotidi kama 10. Kwa kuwa nyuzi zinaelekea kinyume, upande mmoja ujenzi huenda mfululizo. Upande wa pili huenda kwa vipande vya Okazaki, nukleotidi 100 hadi 200 kwa binadamu, kila kimoja na praima yake. Baadaye RNA huondolewa, pengo hujazwa, na kimeng'enya cha ligasi huunga vipande.

Kipimo cha PCR, kinachonakili kipande cha DNA mara nyingi kwenye mashine, kimejengwa juu ya sharti hilohilo. Joto la 95°C hufanya kazi ya helikasi. Likishuka hadi 55–60°C, praima mbili za DNA, zenye besi kama 20 kila moja, hushika. Kwenye 72°C polimerasi hujenga. Mizunguko 30 huweza kugeuza nakala 1 kuwa zaidi ya bilioni 1. Joto la kushika likiwa chini mno, praima hunasa pasipo pake. Likizidi, hazinasi kabisa. Hemu, kemikali nyekundu ya damu, huzuia polimerasi. Nayo polimerasi huhifadhiwa −20°C, na huku kwetu umeme ukikatika ovyo hudhoofika bila dalili yoyote ya nje.

Kisa cha mpox ya Kivu Kusini kinaonyesha uzito wa praima. Virusi vya kladi (tawi la ukoo wa virusi) Ib, vilivyoonekana Kamituga mwaka 2023, vilikuwa vimepoteza besi zaidi ya 1,000, na hapo ndipo praima za kipimo mahususi cha kladi I zilipaswa kushika. Kipimo cha jumla cha mpox kilitoa chanya, hicho mahususi kikatoa hasi. Mashine ilikuwa nzima na sampuli nzuri. Polimerasi ilikosa pa kuanzia. Kwa hiyo chanya ya jumla pamoja na hasi ya kladi I haitoshi kusema mgonjwa ana kladi II: inabidi kutumia praima za sehemu nyingine, au kusoma mfuatano wa besi wenyewe.