Gesi za damu kwa mgonjwa mahututi: maswali ya wanaouguza

Nesi, jana baba alitolewa damu kwenye vena. Leo wamemchoma tena kwenye kifundo cha mkono. Kwa nini?

Pole kwa kuuguza. Damu ya vena inarudi moyoni, mwili umeshaitumia. Ya leo ni ya kupima gesi za damu, yaani oksijeni na hewa ukaa (kaboni dioksidi) iliyomo. Imetoka kwenye ateri, mshipa unaopeleka damu mwilini, palepale tunapopapasa mapigo: imetoka mapafuni na bado haijatumika, kwa hiyo inaonyesha mapafu yanafanya kazi kiasi gani. Inauma zaidi, kweli. Ateri iko ndani, na sindano ikitoka tunapakandamiza dakika 5 au zaidi damu isivujie chini ya ngozi.

Lakini kipimo cha kidoleni kinasoma asilimia 97. Hakitoshi?

Hakitoshi, na hapa ndipo watu wanapohadaika. Kile husoma oksijeni tu. Hewa ukaa hakiioni. Mgonjwa aliyechoka kupumua, akiwa na oksijeni puani, anaweza kusoma 97 huku hewa ukaa inamjaa. Anaanza kusinzia, nanyi mnashukuru kwamba leo amelala vizuri. Kawaida hewa ukaa ni 35 hadi 45 mmHg (kizio cha mgandamizo). Ikifika 80 na pH imeshuka, huyo anahitaji kusaidiwa kupumua, si kuongezewa oksijeni pekee.

Somo hili lilinunuliwa kwa roho za watu. Mwaka 1952 huko Copenhagen, Denmark, wagonjwa wa polio walikuwa wakifa kwa wingi. Daktari Bjørn Ibsen alisema wanakufa kwa kujaa hewa ukaa, na pH ilipopimwa ikamuunga mkono. Wanafunzi wa udaktari wakaingia zamu, usiku na mchana, wakiwapulizia hewa kwa kukamua mifuko kwa mikono.

Hiyo pH ni nini?

Kipimo cha utindikali wa damu: kawaida 7.35 hadi 7.45, na ikishuka, tindikali imezidi. Mgonjwa wa kisukari anaweza kuja anahema kama aliyekimbia, pH 7.10, hewa ukaa 18. Mapafu yake ni mazima. Yanahangaika kupunguza tindikali. Dawa yake ni maji ya kupitishia mshipani na insulini.

Mbona muuguzi alitoka mbio na bomba la sindano?

Seli za damu bado zi hai humo, zinaendelea kula oksijeni. Zikipita dakika 30 majibu huanza kupotosha, na povu la hewa likibaki ndani nalo huyaharibu. Ukimwona anakuja, mpishe mlangoni.